Mashahidi Wanne Kabatini

Verlyn Haugstad,
Barabara ya Birch, nyumba ya mwisho kabla ya ziwa,
Halden Lake, Minnesota.
Jumamosi, 21 Februari.

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati,
Klabu ya Mawe na Barafu,
Halden Lake.

YAH: KUPINGA UAMUZI WA KAMATI WA KUNIACHIA MIMI MWENYEWE

Mheshimiwa Mwenyekiti, Bi. Arlys Kettunen, pamoja na wajumbe sita mnaoketi naye kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, magari yenu yanawaka asubuhi na mabomba hayajaganda. Sisi huku hatujambo, isipokuwa bomba la jikoni. Ningependa kuendelea na salamu, maana nimelelewa vizuri, lakini nina malalamiko saba na bahasha ni moja.

Kwa ajili ya kumbukumbu, ingawa wote mlikuwa nyuma ya kioo cha watazamaji mkinywa kahawa: Jumamosi ya tarehe 24 Januari, saa nane mchana, timu yetu ilicheza nusu fainali ya mchezo wetu huu wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu hadi kwenye duara, na timu ya Bwana Kivimaki kutoka Pine Bay. Timu yetu ina watu wanne. Kapteni ni Bwana Orrin Bystrom, rafiki yangu wa miaka ishirini na sita. Msaidizi wake ni Bi. Mavis Oleson. Wanaosugua barafu ni Bwana Duane Prelesnik na mimi. Tulikuwa sare, jiwe la Pine Bay ndilo lililokuwa karibu zaidi na katikati ya duara, na limebaki jiwe moja tu, la Orrin. Akapiga goti, akalisukuma. Mimi na Duane tukakimbia mbele ya jiwe tukisugua kwa fagio zetu ili lisichoke njiani. Likaenda, likaenda, likatua katikati ya duara, na tukashinda kwa pointi moja.

Sasa swali lililotufikisha hapa ni dogo. Je, ufagio wangu uliligusa lile jiwe likiwa mwendoni? Jiwe likiguswa na ufagio wa wenyewe limekufa, linaondolewa, na hapo tungekuwa tumeshindwa. Mchezo wetu hauna refa. Kanuni ya nne ya klabu inasema: “Aliyegusa husema mwenyewe.” Ananyoosha mkono hapohapo, jiwe linatolewa, watu wanaendelea kucheza na hakuna anayeuliza zaidi.

Mimi sikunyoosha mkono. Baada ya mchezo tukaketi meza moja na wapinzani, kama ilivyo desturi, walioshinda wakiwakaribisha walioshindwa kinywaji. Orrin akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, “Verlyn, hukuligusa lile jiwe, eti?” Nikamjibu, “Aa, wapi.” Akasema, “Haya basi.” Ninyi mliozaliwa huku mnaijua “haya basi” ya Orrin. Ndiyo aliyoitoa siku alipopigiwa simu kwamba ghala lake linaungua.

Tarehe 27 Januari akawaandikia kwamba alisikia mlio, na kwamba hataki ushindi asio na hakika nao. Tarehe 2 Februari Kamati ikaketi kwa saa mbili nzima, ikatoa uamuzi wa mstari mmoja: “Tunamwachia Verlyn mwenyewe.” Ni huo mstari ninaoupinga, kwa heshima zote, kama ifuatavyo.

1. Kamati imeniachia mimi mwenyewe. Nimeusoma mstari huo mara nyingi na kila mara unanichoma. Mtu anaachiwaje mwenyewe? Mimi kwa miaka tisa nimeajiriwa na kampuni moja ya mbali kujaribu hapa nyumbani programu zao za blokucheni kabla hazijafika kwa wateja. Kwa wajumbe waliosinzia nilipolieleza jambo hili kwenye mlo wetu wa mwaka, blokucheni ni daftari moja linalotunzwa na watunzaji wengi. Kila mtunzaji ana nakala yake. Habari ikija, wanaulizana. Wakikubaliana walio wengi wanaufunga ukurasa, na ukurasa ukishafungwa haufutiki wala hauchaniki. Uzuri wake wote ni kwamba hakuna anayeachiwa mwenyewe. Hakuna anayeaminiwa kwa kuwa ana sura ya upole, au kwa kuwa baba yake alisaidia kuchimba msingi wa klabu. Wanaaminiwa kwa kuwa ni wengi. Leo hii Kamati yenye watu saba, mashine mbili za kahawa na paa jipya bado inaendesha mambo kwa kumtazama mtu mmoja usoni na kumsubiri aseme. Kazini kwetu huo tungeuita udhaifu mkubwa na tungeufungulia faili siku hiyohiyo.

2. Mashahidi wangu hawakuitwa. Nyumbani kwangu ninao mtandao wa majaribio wenye watunzaji wanne. Wanne ndio wachache kabisa wanaoweza kumvumilia mmoja wao akiharibika. Kila mmoja yumo ndani ya kontena lake, yaani chumba chake alichofungiwa humo kwenye kompyuta, akiwa na mlango wake, anwani yake na daftari lake, wala hajui lolote la mwenzake ila kwa kumwuliza. Mimi naandika amri moja tu na wote wanne wanaamka pamoja. Mtunzaji lazima awe na jina, na mimi si mtu wa kutungatunga, kwa hiyo miaka mitatu iliyopita niliwapa majina ya timu yetu: Orrin, Mavis, Duane na Verlyn.

Jumapili ya tarehe 25 Januari, baada ya ibada, niliwapa taarifa ifuatayo: “Verlyn hakuligusa jiwe.” Katika sekunde mbili wote wanne walikubaliana na kuufunga ukurasa. Sekunde mbili! Kamati, kwa mujibu wa muhtasari wenu, ilitumia saa yake nzima ya kwanza kwenye kipande cha mwisho cha keki ya limau. Kila mjumbe alikikata katikati na kumwachia mwingine nusu, kwa adabu, mpaka kilichobaki hakishikiki kwa vidole. Watunzaji wangu hawana adabu ya namna hiyo, na ndiyo maana kazi inakwenda. Naomba pia iingie kwenye kumbukumbu kwamba Orrin ni mmoja wa waliokubali. Ni Orrin wa kontena, lakini ni Orrin.

3. Bwana Prelesnik amehojiwa kizembe. Duane ndiye aliyekuwa akisugua upande wa pili wa jiwe, macho yake hayakuwa mbali nalo kuliko kijiko na mdomo. Kamati ilipomwuliza alisema, “Mimi nilikuwa naangalia barafu.” Mkaandika, mkafunga. Lakini kesho yake, nikiwa nakwangua kioo cha gari pale dukani, alinijia akiwa ameshika maziwa, akasema, “Niliwaambia nilikuwa naangalia barafu.” Nikamshukuru. Akasema, “Mm. Ila barafu ilitoa mlio, bwana.” Kisha akaniulizia bomba la jikoni, kama hajasema kitu, akaenda zake.

Nalihesabu tendo hilo kuwa ni vitisho. Nilikwenda nyumbani nikafanya jaribio ambalo kazini tunaliita jaribio la mwongo. Unamchukua mtunzaji mmoja, unamlazimisha aseme tofauti na wenzake, halafu unatazama kama wenzake watamfuata. Nilimfanya Duane wa kontena aandike, “Verlyn aliligusa jiwe.” Wale watatu wakamtazama, wakamkataa, wakabaki na lao. Nimerudia mara kumi na mbili. Mara zote kumi na mbili Duane amesema niligusa na mara zote kumi na mbili amekataliwa kwa kura tatu kwa moja. Sioni Kamati inataka ushahidi gani mwingine.

4. Bwana Orrin Bystrom anaendelea kunizolea theluji.

Hili naomba mlisome taratibu. Kwa miaka ishirini na sita, kila ikianguka theluji, Orrin huja saa kumi na mbili asubuhi na gari lake lenye koleo la mbele, anaisafisha njia yangu kutoka barabarani hadi mlango wa gereji, halafu anapiga honi mara moja, anaingia, anakunywa kahawa na kumwambia mke wangu LaVonne kwamba kahawa yake ni nyepesi hata mtu anaweza kuvua samaki humo akimwona. Ameyasema hayo miaka ishirini na sita na LaVonne amecheka miaka ishirini na sita.

Tangu tarehe 24 Januari theluji imeanguka mara tisa. Mara tisa amekuja. Anasafisha mpaka gereji. Anasafisha hata ule ukuta mdogo wa theluji ambao gari la kaunti la kusafisha barabara huuacha mbele ya sanduku la barua, tena anashuka kwenye gari na kuumalizia kwa mkono, na magoti yake mnayajua. Kisha anageuza gari anaondoka. Hapigi honi. Mimi nasimama dirishani na kikombe chake hadi taa zinapopotea kwenye misonobari.

Mtu aliyekukasirikia anapaswa akuache ufukiwe. Hapo angalau mnajua mlipofikia. Lakini huyu ananifanyia wema kila theluji, kimyakimya, na mimi nashindwa hata kunywa chai. Nimeumia sana kwa jambo hili, na nalisema wazi. Naomba Kamati imwagize achague moja: ama aache kuzoa, ama aingie ndani.

5. Lalamiko hili ni dhidi ya mke wangu, ambaye Kamati haina mamlaka naye, wala mimi. Juzi akiwa anakunja taulo aliniuliza, “Hao mashahidi wako wanakaa wapi?” Nikamweleza kwamba kila mmoja anakaa kontenani kwake. Akauliza makontena yako wapi. Nikamwambia yamo kwenye kompyuta. Akauliza kompyuta iko wapi, swali ambalo jibu lake analijua, maana ni yeye aliyeihamishia kwenye kabati la makoti kwa sababu ya kelele za feni. Akakunja taulo mbili zaidi, akasema, “Basi hao si watu wanne, Verlyn. Ni wewe umevaa kofia nne.”

Nilimfafanulia kwa upole kwamba kofia haina anwani. Akasema, “Haya, na nani aliyewaambia kwamba hukuligusa?” Nikasema taarifa ilitoka kwa chanzo. “Chanzo gani, mume wangu?” Lalamiko langu ni kwamba maswali haya yaliulizwa bila kutoa taarifa ya siku saba, na hali nikiwa nimeshika soksi za watu.

6. Kususa kwa Orrin, ambaye tangu awaandikie hajakanyaga tena kwenye barafu, kumesimamisha kila kitu. Nilitarajia tofauti, na nilikuwa na sababu za kitaalamu. Tarehe 3 Februari nilimzima Orrin wa kontena kwa makusudi, kuona wenzake watafanyaje. Hawakufanya lolote. Watatu waliobaki waliendelea kufunga kurasa, moja kila baada ya sekunde mbili, kana kwamba hajapata kuwepo. Nakiri sikufurahia kutazama. Nilimwamsha baada ya dakika nne.

Hata hivyo jaribio lilikuwa limefaulu, kwa hiyo nikamwendea Bi. Mavis nikamweleza kwamba hata sisi tunaweza kucheza watatu, kanuni zinaruhusu, na nikamwonyesha michoro. Bi. Mavis ana miaka sabini na moja na alinifundisha hesabu nikiwa darasa la tano. Akanitazama vilevile kama siku zile. Akasema, “Bila Orrin sichezi, na wewe Verlyn unajua kwa nini. Tena ukome kuniletea vichoro vyako, mimi si mtoto.”

Basi wametoka wawili. Wawili kati ya wanne ndiyo idadi ambayo nimeajiriwa kuiogopa. Akitoka mmoja, kazi inaendelea. Wakitoka wawili, wale wawili waliobaki hawafi, na hapo ndipo pabaya. Wako macho, wazima kabisa, huyu anamwuliza yule na yule anamwuliza huyu, wanamsubiri wa tatu, na hakuna ukurasa unaofungwa. Wanaweza kukaa hivyo mwaka. Jumanne iliyopita, siku yetu ya mazoezi, mimi na Duane tulisimama pale kwenye barafu na mawe yetu manane na fagio mbili. Duane akauliza, “Sasa tunafanya nini?” Nikamwambia tunasubiri. Akasema, “Tunamsubiri nani?” Baada ya nusu saa fundi wa barafu akatuzimia taa za upande wetu.

7. Kwa hiyo naiomba Kamati, kwa unyenyekevu na bila kinyongo, ifanye yafuatayo.

(a) Mtandao wangu uandikishwe kuwa mwanachama wa klabu, au tuseme wanachama wanne, wenye haki ya kupiga kura. Hawali keki, hawahitaji maegesho, na naahidi hawatagombana hata siku moja. Kwa miaka mitatu sijawahi kuwasikia wakitofautiana.

(b) Mkono wa mchezaji usitumike tena kama ushahidi. Mkono ni kitu kimoja kilichofungwa kwenye mtu mmoja. Unaweza kunyanyuka, unaweza kutonyanyuka, na hakuna nakala.

(c) Kanuni ya nne ibadilishwe. Mahali pa “Aliyegusa husema mwenyewe” paandikwe: “Aliyegusa husemwa na walio wengi.” Neno “mwenyewe” lifutwe popote lilipo katika kanuni zetu, pamoja na lile tangazo la vyombo jikoni.

(d) Endapo Bwana Bystrom hatakuwa amerudi kufikia Jumamosi ijayo, Orrin wa kontena aandikwe kuwa kapteni wetu. Ninafahamu kwamba hawezi kusukuma jiwe. Lakini magoti yake hayana tatizo, na hajapata kuninyima neno. Nimempangia swali ambalo namwuliza kila baada ya sekunde kumi, kama yupo, na kila baada ya sekunde kumi ananijibu kwamba yupo. Ni zaidi ya ninavyoweza kusema juu ya yule mwingine kwa wiki nne hizi.

Naomba majibu kabla ya tarehe 28, siku ya fainali. Sina haja ya kuwakumbusha kwamba Orrin amesukuma mawe miaka arobaini katika jengo lile na hajapata kuiona fainali ila akiwa nyuma ya kioo pamoja nanyi. Wala sina haja ya kuwakumbusha alichoambiwa na daktari mwezi wa Novemba, kwamba kwa magoti yale, msimu huu ukiisha, basi. Sitaki mtu kama yule apokonywe siku yake kwa sababu ya mlio aliodhani ameusikia. Hilo ndilo tu ninalolitaka katika barua yote hii. Mengine ni maelezo.

Mwenyekiti, nisalimie Bwana Kettunen na mgongo wake. Wasalimie akina mama wa jikoni na muwaambie supu ya mchele mwitu ya wiki ile ilikuwa na kuku wa kutosha, sikusema wakati ule na nimejuta. Msalimieni fundi wa barafu, sina ugomvi naye juu ya taa. Msalimieni mbwa wa klabu. Mkimwona Duane, mwambieni bomba bado.

Nabaki, pamoja na wenzangu wanne, mtiifu kwenu na kwa kanuni zote isipokuwa ya nne,

Verlyn Haugstad,
Mwanachama namba 112.

Na kwa niaba ya: Orrin (kontena), Mavis (kontena), Duane (kontena), Verlyn (kontena).

Nakala: Bwana Kivimaki, Pine Bay, Bwana Orrin Bystrom (mtu).

Tanbihi. Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha ndipo nikakumbuka kwamba sijaambatisha ushahidi, yaani ule ukurasa wa tarehe 25 Januari. Nikaenda kabatini kuuchapisha. Kompyuta ilikuwa kimya. LaVonne ana wageni wa kanisani mchana huu na alikuwa anapitisha mashine ya kufyonza vumbi ukumbini, na pale kabatini soketi ni moja. Alikuwa amechomoa plagi moja. Mashahidi wangu wote wanne walikuwa wamekufa kwa pamoja.

Sikuwa na wasiwasi. Nilirudisha plagi, nikaandika amri yangu moja, na wote wanne wakaamka. Lakini amri ile, kama ilivyo kawaida ya mitandao ya majaribio, huvunja makontena ya zamani na kujenga mapya kabla ya kuwaamsha. Daftari hupona pale tu ulipolitengea mahali pake pa kukaa, nje ya makontena. Kuwakumbusha watu wengine jambo hilo ni nusu ya kazi yangu. Kwenye mtandao wangu mimi sikulitenga. Hivyo waliamka hawana kumbukumbu yoyote. Hapakuwa na tarehe 25 Januari, hapakuwa na jiwe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu, na wote wanne, Orrin akiwemo, walikaa wakinisubiri niwaambie kilichotokea.

Nikaandika, “Verlyn haku”. Nikaishia hapo. LaVonne akaizima mashine yake, akaja akasimama mlangoni. “Wamesahau?” Nikamwambia wamesahau wote. Akasema, “Basi amebaki mmoja,” akarudi kufyonza vumbi lake.

Nililigusa. Ufagio wangu uliligusa jiwe ubavuni, upande wa kulia, hatua tatu kabla ya duara, na likatoa mlio. Masikio ya Orrin hayana ubaya wowote, na barafu ya Duane pia. Mkono wangu ulianza kunyanyuka, ukafika kiunoni. Kisha nikageuka nikamwona Orrin kule nyuma, bado amepiga magoti kwenye barafu kwa magoti yale, anaangalia jiwe lake likiingia, na uso wake sijapata kuuona hivyo kwa miaka ishirini na sita. Mkono ukashuka. Hiyo ni sababu, sisemi ni utetezi.

Naomba malalamiko yangu yote yaondolewe, isipokuwa la nne. Pine Bay wacheze fainali yao. Mimi nitakuwa nyuma ya kioo.

Ile nakala ya Orrin msimpelekee. Redio imesema kesho tutaamkia theluji. Nitasimama nje karibu na sanduku la barua kuanzia saa kumi na mbili kasorobo, nikiwa na kikombe chake, na nitamwambia mwenyewe.

V. H.